Folda ya Mwaka Jana

Jumapili, 3 Machi 2019
Orodha ya visima imekwenda kwa wapaka rangi. Kijani salama, nyekundu sumu. Visima 312 vya kijiji cha Noapara, nimemaliza kabla ya chai! Kaka Delwar, ninayetumia naye kompyuta moja, akanitania: "Dada Mahfuza, posa ikija tuwaambie umeshaolewa na programu."

Jumatano, 6 Machi
Wamemaliza kupaka.

Alhamisi, 7 Machi
Programu ya kuchambua vipimo haijafungwa tangu Jumapili, na leo ndiyo nimeiuliza imesimama folda gani. Amri ya herufi tatu tu! Ikajibu: 2018.

Delwar aliihamishia huko Jumapili asubuhi, akichora grafu za wafadhili. Mimi nikaandika jina tupu la faili, bila kutaja folda yake. Na ofisini kwetu faili la kila mwaka linaitwa "visima" vilevile, eti tusihangaike kubadilisha mistari ya programu. Ikasoma vipimo vya mwaka jana. Haikulalamika — faili si lilikuwepo.

Visima kumi na saba vyenye sumu vimepakwa kijani.

Bosi Anisur kasema wafadhili wanakuja Jumatatu, tungoje waondoke ndipo tupake upya. Ati watu wamekunywa miaka, siku nne zitawafanya nini. Delwar kasema yeye hakunituma nisiangalie. Kweli, hakunituma. Nawachukia wote wawili, na mimi wa tatu.

Ijumaa, 8 Machi
Mapumziko. Sikula.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekuja Noapara peke yangu, orodha sahihi iko mkobani. Nyumba ya kwanza kati ya zile kumi na saba, kwa Bi Jorina. Kisima chake kinang'aa kijani. Naandika hapa barazani, yeye kaingia ndani.

Anasema tangu tuchukue maji yao kupima, walikuwa wanateka msikitini, kwa hofu. Mke wa mwanawe ana mimba ya miezi sita na ndiye mbeba ndoo. Jumatano walipoona rangi wakaacha. "Mmetupumzisha, mwanangu. Kunywa kwanza, jua kali hili. Mengine utaniambia."

Nilipanga kusema kabla sijaketi. Akanitazama, akingoja nionje. Nimekunywa glasi nzima. Nikasema maji matamu — mimi huyu!

Sasa mkamwana anatoka na jagi. Kabeba glasi mbili, yangu na yake mwenyewe. Anamimina.