Kipya Nimekitia Tupa, Mtani

Mtani wangu Kibwana,

Habari kwanza: tipa lako linatembea. Nani kalitengeneza? Mie Maganga. Sema tena huko uliko kwamba Mnyamwezi kazi yake kubeba mizigo.

Unakumbuka lilivyokuwa linagonga injini, taa ya oili inawaka, nawe unaifunika kitambaa usiione. Ulipofariki, hata tanga halijaanuliwa, ndugu zako wakaanza kunong'ona: liuzwe skrepa, limekufa na mwenyewe. Na mkeo Bi Mwajuma je, ale nini? Mchanga wa tipa lile ndio uliomlisha. Nikaona hapa fundi peke yake hatoshi, anatakiwa mtani.

Nikavaa ovaroli yako, ile yenye kiraka cha jinzi. Nikatembea kama wewe, tumbo mbele, mkono kiunoni, msiba mzima unaniona. "Nyie Wazaramo, ngoma mnacheza wiki nzima, oili kubadilisha hamtaki!" Watu wakacheka huku wanalia. Hapo hapo nikaunyakua ufunguo wa tipa, nikautia mfukoni. Na unajua, alichochukua mtani msibani hakidaiwi, hugombolewa. Wakaniletea kuku, nikakataa. Wakaleta jogoo, nikasema kakonda kama nyie. Sikutaka kugombolewa mapema mie. Asiye na ufunguo hauzi gari.

Binti yako Zuhura ndiye aliyenielewa. Akaniletea pampu mpya ya oili, ndani ya boksi lake. Ungekuwepo ungeanza: "Kipya ni kipya, mtani, usikitie tupa yako ya Kinyamwezi." Tumebishana hilo mpaka mvi zikatuota. Basi nikaingiza kidole kwenye tundu la pampu la kutolea oili. Kingo zinakwaruza kama kopo lililofunguliwa kwa kisu. Nikalilinganisha na tundu la injini, halikai sawa, pana ukingo unakatiza njia. Oili ni kama mkwe, Kibwana, ukimwekea vizingiti mlangoni anarudi kwao.

Nikashika tupa ya duara. Nikatanua kidogo kidogo, nikalainisha kwa msasa mpaka kidole kikateleza chenyewe. Mfuniko wa pampu nikausugua juu ya msasa niliotandika kwenye kioo, ukae sawasawa, oili isirudi nyuma. Nikaosha kila kitu kwa dizeli, maana unga wa tupa ndani ya injini ni sumu. Beringi za injini zilizolika nikaweka nyingine. Kisha pampu nikaijaza vaselini, ivute tangu mzunguko wa kwanza. Mafundi wenzangu wanapita: "Mzee, unaharibu kitu kipya." Nikawaambia kaeni pembeni muone.

Nikawasha. Taa nyekundu. Bado nyekundu. Nikasema Kibwana, usinifanyie utani leo. Ikazimika! Nikafungua kifuniko cha juu cha injini, oili inatiririka kule kulikokuwaga kukavu. Gereji nzima ilinisikia. Hakuna fundi Mbagala yote kama mie, na aliyepo ajitokeze.

Bi Mwajuma yuko eda, hatoki. Nikalipeleka tipa mpaka dirishani kwake, nikaliacha linaunguruma taratibu. Akauliza kutoka ndani, "Shemeji, mbona umezima?" Sijazima, nikamwambia, limetulia. Akasema, "Kule kugonga ndiko kulikokuwa kunaniambia anakuja."

Kibwana... mie nilishika usukani tu. Mie, Maganga.

Ufunguo ameugomboa Bi Mwajuma mwenyewe, kwa sahani ya bada, ugali wa muhogo. Bada yenu hiyo, niliyoicheka maisha yangu yote. Nimelamba sahani. Zuhura kaupokea ufunguo mbele ya ndugu zako, na tipa linabeba mchanga. Neno skrepa silisikii tena.

Nakuahidi, maadamu mkono huu unashika spana, oili ya tipa lile naibadilisha mie, wala kitambaa hakitafunika taa ile tena. Pampu yako ya zamani nimeichukua, hilo ndilo fungu langu la utani na haligombolewi. Nikija huko nitakuja nayo, tuendelee kubishana.

Haya, lala, mcheza ngoma. Kipya hutiwa tupa.

Mie niliyekushinda,
Maganga