Majibu ya Kisima cha Bi Mwanaidi

Alhamisi, Ukonga

Kwa hiyo nimepanda cheo. Tangu mchana natafuta mtu wa kumwambia, na simu nimeishia kuigeuzageuza tu mkononi.

Kilichonipandisha ni ile makala ya maji ya visima, kwa kuwa imetoka kwenye jarida la nje. Mwaka jana nilipotaka kuwaandikia wenye visima kijitabu cha Kiswahili, mkuu wa idara yetu chuoni alinikatiza: "Hicho hakina alama za kupandia cheo, daktari. Utapoteza muda." Nikaacha. Sikubishana hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi.

Jioni nimepita kwa Bi Mwanaidi. Kisima chake ndicho cha kwanza kuchukuliwa sampuli. Nikamwamkia, akaniitikia, akauliza: "Hivi mwanangu, majibu ya maji yetu yalitoka?"

Yalitoka. Yana vijidudu vya chooni. Nimeyaeleza vizuri sana kwa Kiingereza, kwenye jarida ambalo hata mie siwezi kulifungua bila kulipia.

"Bado, bibi," nikasema. Nilishindwa kumwambia kwamba nimeyakalia mwaka mzima.

Akachota maji kwenye ndoo, akaninyooshea kikombe. Nikamwambia nimefunga. Kwa kuwa ni Alhamisi, siku ya funga ya sunna, akaamini, na wali wa kantini bado ulikuwa tumboni mwangu.

Akaniombea Mungu aipokee funga yangu. Kisha, ili maji yasimwagwe bure, akayanywa mwenyewe.