Mtoto wa Dada na Meno ya Plastiki

Nyakitonto, Jumanne, Machi 2014

Mshkaji wangu wa kurasa, leo nimebishana na mama mkwe wa dada Jeni mbele ya wageni, na nimeshindwa.

Mtoto wa dada anaharisha, homa haishuki. Huyo bibi yake kamfungua mdomo, kampapasa ufizi, kakuta vivimbe vyeupe. Akasema, "Ni meno ya plastiki haya, ndiyo yanayomharisha. Asubuhi tunampeleka kwa yule mama mganga wa Titye akayang'oe."

Nikamwambia, "Bibi, hayo ndiyo meno yenyewe, hayajatoka tu. Kinachomuua ni kuharisha. Twende hospitali."

Nikamwonyesha mdomo wangu. Mimi niling'olewa hayo hayo kwa spoku ya baiskeli nikiwa mchanga, na chonge ya juu haijaota mpaka leo.

Bibi akanitazama. "Si ndiyo maana uko hai, unanijibu?"

Wageni wakacheka.

Jioni nikabaki na dada jikoni, anamnywesha mtoto maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Akaniambia, "Mdogo wangu, nikimkatalia mama mkwe halafu mtoto akafa, mimi nitakaa wapi?"

Macho ya mtoto yameingia ndani. Pikipiki niliyoazima iko hapa nje. Naweza kumbeba kabla bibi hajaamka, nimkimbize hospitali Kasulu. Lakini akinifia njiani, ukoo mzima utasema...

Dada anajua nawaza nini. Kaingia kulala na mtoto, kaacha mlango wa chumba chake wazi.

Ungekuwa wewe, ungeingia?