Kigoda cha Chifu wa Mvua

Kwamsisi, Jumanne

Ningenyamaza tu. Mwezi uliopita, kule milimani kwenye jumba la chifu wa mvua, kigoda chake nilikichungulia dirishani kama wageni wenzangu. Machifu wamefutwa, lakini kukigusa bado mwiko.

Leo kwenye shamba la kijiji nikawaambia wenzangu nimekikalia, tena nikakunja nne.

Siku zote nikitia chumvi hunicheka. Leo mahindi yananyauka, hakuna aliyecheka. Shemeji Mbaruku akaweka jembe chini.

"Ulikikalia siku gani, shemeji?"

Nikaitaja. Akahesabu kwa vidole. "Ndiyo siku mvua ilipokatika."

Nikasema nilikuwa natania.

"Safari hii tunakuamini."

Tangu magharibi wanaume wote wako kwa balozi wa nyumba kumi. Mimi sikuitwa.