Nyasi za Baba, Ufagio wa Nkoko

Jumatatu, 24 Novemba

Hili sijamwambia mtu yeyote. Hata Sethunya, dada yangu, ambaye tunalala chumba kimoja na najua mpaka anavyokoroma. Nyumba ikiwa tupu — Baba kazini, Sethunya dukani, Nkoko, bibi yetu mzaa baba, kanisani na akina mama wenzake — natoka pale mbele, navua viatu, nacheza setapa, ngoma yetu ya makofi na miguu, juu ya nyasi. Peke yangu! Makofi napiga mwenyewe, wimbo naimba chini chini, nakanyaga mpaka visigino vinawaka moto. Mimi! Mimi ambaye darasani nikiulizwa jina langu nalitaja kama nimeliiba.

Leo nilicheza. Mvua ya juzi imelainisha ardhi, nyasi zimechanua, nikasema leo ni leo. Hatua ya tatu — mamaa! Mwiba wa mbigili, katikati ya unyayo. Nikakaa chini niutoe. Nikakalia mwingine! Nimecheka huku nalia.

Halafu nikaangalia vizuri. Kumbe mbigili zimetambaa kila mahali. Majani madogo madogo kama ya mkwaju, yamelala chini kabisa kama yanajificha, na vijiua vya manjano. Vizuri kweli vile viua! Unafiki mtupu.

Jumanne, 25 Novemba

NIMEONGEA MEZANI.

Ilikuwa hivi. Baba kaweka kijiko chini, akasema patlo ya Sethunya ni tarehe kumi na tatu, wanawake wa upande wa bwana harusi watakuja kumwomba bibi harusi, nao hawakai kwenye viti, wanakaa chini, miguu imenyooshwa. Na yeye hawezi kuwakalisha wakwe juu ya miiba. Kwa hiyo nyasi zinafukiwa. Mjomba Gabaake ana lori, ataleta vitofali vya saruji, uwanja wa mbele wote utapangwa vitofali.

Nkoko akapiga makofi. "Hatimaye umepata akili, mwanangu! Nyasi ni za ng'ombe. Uwanja wa watu unafagiliwa."

Hapo sauti ikanitoka. "Zisifukiwe!"

Baba kageuka. "Nani kasema?"

"Ora kasema," Sethunya akajibu. "Andikeni tarehe."

"Kwa nini zisifukiwe, Oarabile?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa kwenye nyayo zangu. Nikasema tu, "Ni... ni nzuri." Sethunya karibu apaliwe na uji.

Lakini Baba hakucheka! Hizo nyasi alizipanda mwenyewe mwaka aliokufa Mama, kipande kwa kipande, na nadhani na yeye roho inamuuma. Akasema: sawa. Ijumaa tarehe tano akitoka kazini atavua viatu atembee juu ya nyasi zote, kona mpaka kona. Asipochomwa, zinabaki. Akichomwa hata mara moja, Jumamosi asubuhi Mjomba anamwaga vitofali.

Hata mara moja!

Jumatano, 26 Novemba

Nimemfuata mwalimu wa kilimo, Mma Kesupile. Swali nililipanga njia nzima kwa Kiingereza, nikalipanga tena kwa Kitswana, likatoka mseto. Akaelewa! Akaniambia vitu, ngoja niviandike kabla havijaruka:

Kuvuta siyo kukata. Ukikata juu, mzizi unakucheka. Ni mmoja, mrefu, uko katikati — ushike pale pale, udongo ukiwa umelowa. Vuta kabla viua havijawa mbegu. Zile mbegu zilizokwisha kuanguka ndiyo balaa, zinaweza kulala ardhini miaka, zinakungoja. Na usinyoe nyasi mpaka utosini. Baba huwa anazinyoa kama kichwa cha mfiwa! Nyasi fupi, jua linafika chini, mbigili inashukuru. Ziache ndefu kidogo, zipe samadi na maji, zisongamane zenyewe.

Mwisho akasema, "Na ujue zinatoka wapi. Ukizoa maji bila kufunga bomba, utazoa mpaka uolewe."

Alhamisi, 27 Novemba

Mikono imevimba — lakini nimefurahi! Nimevaa glavu za Baba za kuchomelea vyuma, nimemwaga maji kwa mpira, nikaanza. Unatafuta kitovu cha mmea, unashika, unavuta polepole — unasikia mzizi unaachia, ta! — na mmea mzima unainuka kama gurudumu, mikono yote inaning'inia. Hakuna raha kama ile. Nikawa nasema nao. Njoo, mpenzi. Njoo nje. Ta!

Sethunya alikuja na kucha zake za harusi. "Napiga picha tu." Baada ya muda nikamwona yuko magoti. Jioni tumejaza toroli, tumechoma kila kitu kwenye pipa. Zinalia zikiungua! Pa! pa!

Jumamosi, 29 Novemba

Balaa. Balaa tamu.

Mimea imekwisha, ila mbegu zimebaki zimetapakaa kwenye nyasi, na huwezi kuziokota moja moja. Nikawaza: mbigili inapenda nini? Inapenda kitu laini, kizito, kikipita juu yake. Mguu! Lakini sina miguu ya kutosha. Nikaenda stoo nikachukua lerotse — lile tikiti kubwa la kupikia uji — nikalibiringisha. Jamani!! Linazoa kama sumaku! Nililisukuma kona mpaka kona nikipiga kelele kama ninaswaga ng'ombe. Limeota miiba mwili mzima, nungunungu kabisa.

Nikamwona Nkoko kasimama mlangoni.

"Oarabile. Hilo ni lerotse langu?"

"Ndiyo, Nkoko."

"La mwisho? Nililolitunza tangu mavuno, la uji wa patlo?"

Nilitamani ardhi inimeze na miiba yake. Sethunya kakaa chini kwa kicheko. Nkoko akalizunguka tikiti lake, mikono nyuma, kama polisi. Akasema, "Wakwe watauliza huu uji una mifupa ya samaki?" Akaingia ndani. Nikasikia anacheka kule jikoni, anajaribu kujizuia!

Adhabu: nimetoa miiba yote kwa koleo, mmoja mmoja, nikalipangusa, nikalirudisha. Ganda lake gumu, halijapasuka. Kesho nitatumia kipande cha zulia la zamani, kimefungwa tofali juu.

Jumapili, 30 Novemba

Zulia linafanya kazi! Mara ya kwanza limezoa miiba mingi. Mara ya mwisho halikuzoa kitu. Nimepita pekupeku, nusu nimefumba macho. Hakuna!!! Nimecheza kidogo, mikono tu. Watu walikuwepo.

Jumatatu, 1 Desemba

Hapana hapana hapana.

Nimetoka asubuhi kabla ya shule, miguu mitupu, najidai. Kona ya bomba — a! Mbegu mpya. Kavu, zimepangana kwenye ukingo kama mtu kazimwaga. Nikazizoa.

Jumanne, 2 Desemba

Nimejua. Afadhali nisingejua.

Niliamka mapema nikachungulia. Nkoko anafagia. Kila siku anafagia, jua halijatoka, kainama, mkono mmoja mgongoni. Anaanzia kule getini, mchanga ambako mbuzi wa jirani wanalala, ambako kila mgeni anakung'uta viatu. Anakuja, anakuja, mchanga unabaki na mistari mizuri kama kitambaa. Na kila kilichokuwa getini — anakileta mpaka kona ya bomba. Anakisukumia kwenye nyasi. Pu pu, ufagio unakung'utwa. Kazi imekwisha.

Nkoko! Bomba linalovuja ni Nkoko!

Nimemwambia Sethunya. Kafunika mdomo. "Mwambie."

"Mwambie wewe."

"Mimi naolewa, nataka baraka zake. Wewe huna cha kupoteza." Halafu akasema, "Nani anamfundisha Nkoko kufagia? Alikuwa anafagia Baba akiwa tumboni."

Ndiyo hapo.

Jumatano, 3 Desemba

Nilidhani nina akili. Nimeamka kabla yake, nimechukua ufagio, nimefagia mwenyewe kuelekea getini, nikazoa kwa koleo la majivu nikatia kwenye pipa. Najisifu. Nageuka — Nkoko, na shuka lake mabegani.

"Nimezeeka kiasi hicho?"

"Hapana, Nkoko, nilitaka —"

"Macho mmesema hayaoni, nikanyamaza. Mbuzi mmeuza, nikanyamaza. Leo na ufagio?"

Akaunyakua. Akafagia uwanja wote upya. Mpaka kwenye bomba. Pu pu.

Siku nzima shuleni sikusikia neno la mwalimu.

Jioni nimeenda jikoni. Alikuwa anachambua mboga. Nikapiga magoti. Sikupanga maneno kwa lugha yoyote. Nikasema yote. Kwanza lile — kwamba nacheza. Kwamba nyasi ni hapo ninapochezea, kwamba sina mahali pengine ambapo mwili wangu hauna haya. Nikamwomba asimwambie Baba. Halafu mbigili, geti, mbuzi, kona ya bomba. Sauti ilikuwa inatetemeka, lakini ilikuwa inatoka!

Hakunitazama. Mikono yake tu ilisimama.

"Pale kwenye bomba," akasema, "ndipo palipokuwa jalala la boma hili. Mama mkwe wangu alinionyesha siku ya kwanza nilipoolewa. Takataka zote zinaishia pale. Baba yako akaja akapanda nyasi juu ya jalala. Aliniuliza?"

"Hapana, Nkoko."

"Haya. Nipitishie chumvi."

Basi! Hakuna zaidi! Sijui amekasirika, sijui amesikia. Ila nimesema. Nimesema!

Alhamisi, 4 Desemba

Kafagia. Mpaka kwenye bomba. Sikutoka nje, nilijifunika shuka kichwani.

Nimepitisha zulia mara mbili jioni. Nimemwagia maji. Mjomba Gabaake kapiga simu kuuliza vitofali vya rangi gani. Baba akamwambia subiri kesho.

Ijumaa, 5 Desemba

Asubuhi sikusikia ufagio kabisa. Nkoko kalala mpaka jua limetoka — haijawahi kutokea! Sethunya akaenda kumgusa paji la uso. "Niacheni, nawaza," akasema.

Sasa ni jioni. Naandika huku nachungulia pembeni ya pazia.

Ufagio! Nausikia. Jioni hii! Nkoko anafagia. Anaanzia — anaanzia kwenye bomba! Anarudi nyuma nyuma kuelekea getini. Anafagia kinyumenyume! Mistari yote imekaa upande mwingine. Ee Mungu wangu, anazoa. Kwa koleo la majivu.

Gari la Baba.

Kashuka. Kavua viatu. Soksi. Miguu yake ya ofisini, laini kama mkate. Simu mkononi, nadhani Mjomba yuko hewani. Anatembea. Polepole, kama mtu anayevuka mto. Ukingo wa ukuta — safi! Katikati — safi! Sethunya kaniminya bega, kakimbia kwenda nje kuona vizuri. Anakuja kona ya bomba —

Kasimama.

Kainua mguu kama kuku.

Hapana. Hapana. Nilipita pale jana mara mbili!

Nkoko anakuja. Kaweka ufagio chini. Kavua ndala zake pembeni — Nkoko anakanyaga nyasi! Nkoko! Kainama na mgongo wake ule, kashika kisigino cha Baba kama cha mtoto mchanga, kachomoa mwiba. Anauinua juu. Nasikia mpaka huku, ile sauti yake ya kanisani:

"Huu ni wangu. Niliufagia mimi jana. Mtoto usimhesabie."

Baba anauangalia ule mwiba. Anaiangalia simu.

Nkoko kageuka. Anatazama dirisha langu! Moja kwa moja!

"Na huyo aliye nyuma ya pazia," anasema, "kabla hujamjibu Gabaake, mwite aje akuonyeshe nyasi zako zinafanya kazi gani."

Hajasema! Hajamwambia ni kazi gani! Kaniachia mimi!

Baba kaangalia dirishani. Kaweka simu mfukoni, sijui kakata, sijui Mjomba bado anasikiliza. Anakuja. Mlango wa mbele. Miguu yangu imeanza setapa yenyewe, chini ya meza, ta-ta, ta — tulieni!

Hatua koridoni. Hazina viatu. Naficha daftari chini ya mt