Jani Bichi la Kahawa na Makofi ya Mkuu wa Shule

Jumatano. Mbinga imejaa ukungu tangu asubuhi, na mimi nimeshawachoka watu.

Leo sayansi imechinjwa mbele yangu. Mwalimu Ndunguru wa Biolojia, anayejiita mtafiti tangu ahudhurie semina moja, alituita walimu wenzake maabara tushuhudie mwanga ukitoa elektroni kwenye jani la kahawa. Kifaa chake ni chupa ya jemu yenye vipande viwili vya karatasi ya foili. Ukivipa chaji ya umeme vinaachana. Chaji ikitoroka vinashuka. Aliweka jani juu, akakichaji, akawasha taa ya kukagulia noti bandia aliyoazima dukani. Vipande vikashuka. Mkuu wa shule akapiga makofi.

Makofi!

Hakuna aliyejiuliza kama vingeshuka bila taa. Nikachaji tena, nikaizima taa. Vikashuka vilevile. Jani lilikuwa na maji yake, na chumba kina unyevu hadi chaki zinalowa. Chaji ilipita humo, mwanga hauhusiki kabisa. Na huyu bwana kila msimu huing'ata kahawa yake kujua kama imekauka, ila jani la kupimia hakuona haja ya kulikausha. Shahada gani hiyo?

"Madam, tusiharibiane," mkuu akaninong'oneza. "Mabinti wanaenda Songea Ijumaa na jaribio hili, kwenye mashindano ya sayansi."

Sikumsikiliza. Nikawaita mabinti wenyewe, wale watatu wa kidato cha tatu, nikakausha jani na chupa juu ya jiko la mkaa mbele yao. Tukachaji, tukawasha taa. Vipande vikabaki vimeachana, havikutikisika hata kidogo. Nilifurahi, sifichi. Nikamtazama Ndunguru mpaka akainamisha macho. Kisha nikawaambia mabinti kwamba hapa hatujapima chochote.

Anjela, ambaye hajawahi kufika Songea, akauliza taratibu, "Kwa hiyo madam, tukisema kweli, hatuendi?"

Nikaizima taa.

Baadaye nilimwomba mkuu waende na majani mawili, bichi na kavu, wawaonyeshe majaji tulikokosea. Amekataa, na safari ameifuta. Hawezi kusafirisha watoto, anasema, wakaonyeshe kwamba hakuna kitu.

Bado namdharau Ndunguru, na mkuu namdharau zaidi. Lakini ningeweza kumvuta yule bwana pembeni jana, nilipoliona lile jani likiwa bichi mezani. Nilisubiri watu wajae.

Ijumaa Anjela atakuwa darasani kwangu, kipindi cha kwanza. Nitaanzaje kumfundisha?