Ya Kwanza kwa Macho, ya Pili kwa Masikio

Jumamosi, 13 Aprili 1996

Leo nimechagua kanda ya video Namba 4, ile ya treni. Mkamwana ameijibu kwa Namba 9, ya uwanja wa ndege. Sielewi! Namba 4 ina steringi wa zamani, mwenye mvi. Namba 9 ina huyu kijana — eti ni mpelelezi yule yule, jina lile lile, sura nyingine. Mimi ningeweka wa zamani na wa zamani mwenzake.

Utaratibu haubadiliki. Naacha kanda yangu mezani, yeye anaweka ya kwake pembeni. Saa nane naingia sebuleni, naona ya kwanza. Yeye yuko jikoni, anaisikia ukutani. Ikiisha nakohoa, natokea mlango wa mbele. Ndipo anaingia kwa mlango wa nyuma na kuweka ya pili, na mimi naisikia barazani. Tumekwisha kuziona zote mara nyingi, kanda kumi na nne. Mwanangu Anyitike alizituma pamoja na deki na TV, alipokwenda Dar kuuza mitumba. Masikio yanatosha.

Miaka minne nyumba moja, na sijamtazama mke wa mwanangu usoni. Ndivyo tulivyo huku, baba mkwe na mkamwana hawatazamani wala hawasemezani. Marehemu mke wangu naye hakumtazama baba yangu mpaka tulipomzika. Mchungaji anasema kuiacha mila hii si dhambi. Najua. Ila shingo haigeuki.

Jumapili, 14 Aprili

Baada ya ibada dada Elina alipitia. Yeye ndiye anayetubebea maneno, kutoka jikoni kuja kwangu, kutoka kwangu kwenda jikoni. Nikamwambia amuulize mkamwana kwa nini tisa.

Amerudi anacheka. Eti katika zote mbili kuna mwanamke anayengoja. Mmoja stesheni, mwingine uwanja wa ndege. "Nyie wanaume mnatazama bastola tu!" dada akaniambia.

Kumbe.

Sikumwambia dada, lakini mimi pia nina mtu wangu. Yule mzee wa redio. Yumo kwenye kanda zote kumi na nne, steringi abadilike asibadilike. Hana jina. Amevaa vile vya masikioni, anaita, anaita, hajibiwi.

Jioni Medard amekuja kunywa chai. Ni mganga hapa hospitali, mtu wa Bukoba, mambo yetu yanamchekesha. "Mzee Ambilikile, si mtundike shuka katikati ya sebule? Wewe huku, yeye kule, kazi imekwisha!" Nikamwambia shuka si ukuta. Amecheka mpaka akakohoa. Nikamwambia, usikohoe bwana, atadhani ni mimi natoka!

Dada alikuwa jikoni, alisikia yote. Naye alicheka.

Alhamisi, 18 Aprili

Barua ya Anyitike. Ya kwanza tangu Krismasi ya mwaka juzi.

Anasema ana mwenzake huko, na mtoto wa kike wa miezi saba. Anasema mkewe, Atupele, arudi kwao Kisiba, asipoteze ujana wake. Anasema, mwambie wewe baba, mimi siwezi.

Wewe huwezi! Na mimi nitamwambia kwa mdomo upi?

Nimekosa usingizi wa mchana. Nimekosa hata sala.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimempelekea dada Elina ile barua. Amesoma mara mbili, akairudisha kwenye bahasha, akaniwekea mkononi.

"Hilo silibebi, mdogo wangu. Nimebeba chumvi, nimebeba salamu, nimebeba na namba za kanda zenu. Hilo libebe mwenyewe."

Nikasema unajua siwezi.

"Na wewe unataka aondoke?"

Nilimaliza chai yake, nikaaga.

Jumamosi, 20 Aprili

Umeme hakuna. Nilimshukuru Mungu, kisha nikamwomba radhi kwa kushukuru.

Kanda zetu zimekaa mezani zote mbili, hazina kazi. Mvua juu ya bati tangu asubuhi. Saa tisa nikamsikia anaimba jikoni, wimbo wa tenzi, sauti ya pili. Nikashika besi, polepole, upande wangu wa ukuta. Nilidhani atanyamaza. Hakunyamaza. Tumemaliza beti zote nne.

Tangu mke wangu afariki sijaimba humu ndani na mtu.

Jumatano, 24 Aprili

Ameniwekea maji ya moto nje ya mlango kama kila asubuhi. Nimesema ndaga, asante ya kwetu. Hakuna wa kusikia, alikwisha kwenda.

Nimeandika kwa ajili yangu sababu za kunyamaza. Zote zinanihusu mimi. Nani atapika, nani atachagua ya pili. Yeye ana miaka ishirini na sita, Bwana. Anangoja stesheni na treni haiji, na mwenye habari ni mimi.

Jumamosi, 27 Aprili

Jana usiku niliweka Namba 1. Asubuhi nimekuta ya kwake, Namba 14. Ya kwanza kabisa na ya mwisho kabisa! Hajawahi kuoanisha hivyo.

Nimefungua kasha la 14, nimekunja barua ya Anyitike ndani, chini ya kanda. Na karatasi yangu juu yake: "Mwanangu Atupele, anayesema uondoke ni yeye, siyo mimi. Kisiba ni kwenu na hapa ni kwenu." Nimefunga kasha.

Ya kwanza sikuiona. Nimemwona mzee wa redio tu.

Saa kumi nimekohoa, nimetoka. Nimeketi kwenye benchi la baraza, daftari gotini. Mvua. Nikangoja muziki wa mwanzo, ule wa tarumbeta. Robo saa, kimya. Nikajua anasoma. Nikaanza Baba Yetu.

Sikufika katikati.

"Baba."

Sauti yake! Nyuma ya mlango, karibu. Miaka minne.

"Baba, ingieni. Mvua inawapiga. Nimetundika shuka." Hiyo ingieni ni ya heshima, niko peke yangu.

Medard na mdomo wake! Dada Elina na wake!

Mlango uko wazi kiasi. Naona shuka la maua, limefungwa kwenye msumari wa kalenda ya kanisa mpaka kwenye kabati. TV imevutwa, inaonekana pande zote. Upande huu kiti changu na kikombe cha chai, mvuke unatoka. Chini ya shuka, miguu yake, na kandambili za bluu.

"Ya pili sijaifungua, baba. Nilitaka leo tuione wote."

Hajaifungua. Barua hajaiona.

Nimesema nakuja, nafuta matope viatuni. Viatu ni vikavu, nilivivua zamani. Naandika haya nikiwa na soksi.

"Nianze, baba?"

"Subiri kidogo, mwanangu."

Maneno ya kwanza ninayomwambia maishani, na ni haya: nakuja, subiri.

Kasha la plastiki lina mlio wake likifunguliwa. Tak. Humu nyumbani wote wawili tunaujua, na bado haujalia.